Mume wangu anasikia, lakini hajui sauti imetoka wapi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Morogoro. Mume wangu ni fundi seremala, ana miaka 46, na karakana yake iko nyuma ya nyumba yetu. Ni mtu mpole, na ndoa yetu haikuwahi kuwa na makubwa. Lakini tangu mwaka jana tumekuwa watu wa kugombana kila siku kwa jambo ambalo sijui nikuambie ni ugonjwa au ni dharau.

Nikimwita kutoka jikoni, anatoka uani kunitafuta. Nikiwa uani, anaingia sebuleni. Simu yake ikiita anazunguka nyumba nzima, na watoto wameshageuza mchezo: wanaificha chini ya mto ili wamwone anavyohangaika. Mwezi uliopita tulikuwa tunavuka barabara kwenda sokoni, bodaboda ikatokea kulia inapiga honi. Yeye akageuka kushoto, hakuona kitu, akaingia barabarani. Nilimvuta shati. Yule kijana alitutukana matusi yote anayoyajua, na mume wangu akabaki anauliza, "Katokea wapi huyu?"

Kazini nako hivyo hivyo. Mteja alimwagiza viti tisa, yeye akatengeneza sita na kuapa kwamba aliambiwa sita. Mteja akasusa na kudai arudishiwe pesa aliyotanguliza.

Ningesema ni kiziwi, Shangazi, lakini si kiziwi. Juzi shemeji alimnong'oneza habari ya shamba linalouzwa, wamekaa kwenye benchi, na alisikia kila neno. Kwenye simu anaongea vizuri tu, anaiweka sikio la kushoto. Redio anasikiliza. Kuna usiku mtoto akikohoa mara moja, yeye ndiye wa kwanza kuamka. Usiku mwingine mtoto analia mpaka majirani wanasikia, yeye kalala tu. Nikipaza sauti anakuja juu: "Unanipigia kelele za nini, mimi kiziwi?" Nisipopaza, hajibu. Mama yangu mzazi anasema wanaume wakifika umri huo husikia wanachotaka.

Hata kijiwe cha kahawa ameacha. Anadai watu siku hizi wanamung'unya maneno. Usiku analalamika kuna mlio kama wa nyenje sikioni.

Jirani mmoja anasema ni kwinini aliyotundikiwa mwaka juzi alipolazwa na malaria. Mwingine ameniletea mafuta yaliyochemshwa na kitunguu saumu nimtie. Naogopa kumtia, naogopa kuacha. Je, kuna ugonjwa wa mtu kusikia sauti halafu asijue imetoka wapi?

Mama Zuhura, Morogoro

* * *

Marahaba mwanangu.

Upo, na kwa ulivyoeleza, mumeo anao. Jambo la kwanza ninalokuomba ni la leo hii, kabla hamjalala: waambie wanao wakome kuficha simu. Wanamchezea baba yao kwa kitu ambacho kingeweza kumwua siku ile barabarani.

Kabla ya kushika safu hii nilikuwa muuguzi katika kliniki ya masikio, pua na koo, na barua yako nimeisoma kwa jicho lile la zamani. Umeniandikia dalili moja baada ya nyingine bila kujua kwamba zote zinaelekeza mahali pamoja. Simu anaiweka sikio la kushoto. Bodaboda ilitoka kulia, yeye akageukia kushoto. Na ule usiku wa ajabu unaokuchanganya, leo anaamka kwa kikohozi, kesho haamki kwa kilio: angalia amelalia upande gani. Naamini utakuta kwamba akilalia ubavu wa kulia sikio la kushoto linabaki wazi, anasikia kila kitu. Akilalia wa kushoto, lile zima limezibwa na mto na lililobaki juu halimfai kitu. Muulize shemeji yako alikaa upande gani wa benchi siku ile ya habari ya shamba. Kama alikuwa kushoto, mimi sina shaka tena: sikio la kulia la mumeo limedhoofika sana, na huenda yeye mwenyewe hajui, kwa kuwa limepungua polepole.

Sasa utaniuliza, kama moja ni zima, mbona hajui sauti imetoka wapi? Hapo ndipo watu wengi hukosea wakahukumu. Sikio moja linatosha kukujulisha kwamba kuna sauti. Kujua imetoka upande gani ni kazi ya masikio mawili kwa pamoja, na hesabu yake inafanyiwa ndani ya ubongo. Sauti husafiri hewani takriban mita 343 kwa sekunde. Honi ikipigwa kuliani kwako inafika sikio la kulia kwanza, halafu inazunguka kichwa mpaka la kushoto. Kuchelewa huko, hata sauti iwe imetoka ubavuni kabisa, ni milisekunde 0.6 hadi 0.7 tu, yaani haitimii hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ubongo unaipima tofauti hiyo ndogo. Mtu mwenye masikio mazima hutambua hata mikrosekunde 10, sehemu kumi katika milioni moja ya sekunde, na kwa sauti iliyo mbele yake anaweza kugundua imesogea kwa digrii 1 tu. Hakuna anayefundishwa kufanya hivyo; mtoto wako anafanya kila anapokuitika.

Muda huo unasaidia zaidi kwa sauti nzito. Kwa sauti nyembamba, kama filimbi au mlio wa breki, kichwa chenyewe kinakinga: sikio la upande wa pili linapata sauti iliyofifia, na ubongo unalinganisha nguvu ya huku na ya kule. Mwanafizikia wa Uingereza, Lord Rayleigh, ndiye aliyeziunganisha njia hizi mbili katika maelezo yake ya mwaka 1907. Miaka mingi kabla ya hapo, mnamo 1876, alikuwa ameeleza jaribio lake la kusimama uwanjani amefumba macho, wasaidizi wamemzunguka, akibahatisha sauti ilitoka kwa nani. Kulia na kushoto hakupata shida. Lakini kwa mlio safi wa uma wa sauti, kile chuma chenye meno mawili kinachovuma kikigongwa, mbele na nyuma vilimchanganya, kwa sababu sauti ya mbele kabisa na ya nyuma kabisa zote hufika masikio mawili kwa wakati mmoja. Huko kwa mbele na nyuma, juu na chini, tunasaidiwa na mikunjo ya sikio la nje, ambayo hubadilisha sauti kidogo kulingana na ilikotoka, na pia kwa kugeuza kichwa.

Mumeo hana cha kulinganisha. Taarifa zote zinaingilia kushoto, basi kwake dunia nzima inasema kutoka kushoto. Aliposikia honi aligeukia kule alikoisikia. Alifanya kile ambacho mtu mwangalifu angefanya, na kwa sikio moja uangalifu ule ule ukamdanganya. Nataka ulishike hili, mwanangu, kwa sababu nyumba zinavunjika kwa jambo hili. Mtu anaambiwa ana dharau, naye anajijua hana, anaanza kunyamaza, halafu ule unyamavu nao unahesabiwa kuwa dharau.

Kijiwe cha kahawa nacho kina maelezo yake. Masikio mawili hayatuonyeshi upande tu, hutusaidia pia kutenga sauti moja na nyingine. Mwaka 1953 mtafiti Colin Cherry aliwasikilizisha watu habari mbili zilizosomwa na mtu mmoja. Zilipochanganywa zote pamoja, walihangaika na kulazimika kurudia tena na tena ndipo wazitenganishe. Alipoingiza moja sikio la kulia na nyingine la kushoto, shida ikaisha. Waliifuata waliyotakiwa na kuiacha ile nyingine ipite. Sasa mfikirie mumeo kijiweni: wanaume sita wanabishana mpira, vikombe vinagongana, pikipiki zinapita, na yote hayo yanaingia mlango mmoja. Anasikia kelele nyingi sana na maneno machache. Anacheka wenzake wakicheka, anaitikia asichokielewa, na akirudi nyumbani amechoka kuliko aliyepiga randa kutwa. Wengi huacha kwenda, na hawasemi kwa nini.

Tuje kwenye viti tisa, maana hapa nina wasiwasi wa pili, na huu unahusu sikio lile la kushoto tunaloliita zima. Tamka "sita", kisha "tisa". Irabu ni zile zile, "i" na "a", kwa mpangilio ule ule. Kinachotofautisha ni "s" na "t" kubadilishana nafasi, na sauti hizo mbili ni hafifu na nyembamba. Nguvu yao iko kwenye mawimbi ya juu, hezi elfu kadhaa, yaani mitikisiko elfu kadhaa kwa sekunde. Irabu ni nzito na zina nguvu. Mtu anayeanza kupoteza sauti nyembamba husikia irabu vizuri, kwa hiyo anajua umesema, hata anajua umesema kwa sauti ya kutosha, ila konsonanti zimemtoroka. Ndiyo hiyo "kumung'unya" anayowalaumu watu.

Na kinachoua sauti nyembamba kwanza, ukiacha uzee, ni kelele. Msumeno wa umeme na mashine ya randa hufika desibeli 100, desibeli ikiwa ndicho kipimo cha ukubwa wa sauti, bila taabu. Viwango vya afya kazini vinavyofuatwa na wengi huweka desibeli 85 kwa saa 8 kuwa mwisho wa usalama, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Ukifika 100, umebakiwa na dakika 15 kwa siku. Mumeo amesimama pale kwa miaka mingi. Ndani ya kila sikio, kwenye mfereji uliojikunja kama gamba la konokono, kuna seli zipatazo 15,000 zenye vinyweleo, na ndizo zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa ujumbe wa mishipa ya fahamu. Tunazaliwa nazo, na zikifa hazioti tena. Kuku akiharibikiwa na zake huota nyingine. Watafiti walilionyesha hilo mwaka 1988, na wanasayansi bado wanatafuta namna ya kuamsha uwezo huo kwa binadamu. Mpaka watakapoupata, zilizobaki ni za kulindwa. Mlio wa nyenje usiku mara nyingi ni alama kwamba baadhi zimeharibika.

Hata ule ukali wake unapopaza sauti una sababu ya kimwili. Nyingi kati ya seli hizo kazi yao ni kukuza sauti ndogo. Zikifa, sauti ndogo hupotea kabisa, lakini kubwa inaendelea kuingia kwa ukubwa wake wote. Nafasi kati ya "sikusikii" na "unaniumiza" inakuwa nyembamba sana. Ukisema kawaida hakupati. Ukipiga kelele unamuumiza kweli.

Haya, kwinini. Ni kweli huleta mlio na kupunguza usikivu, lakini kwa kawaida hushika masikio yote mawili na mambo hurudi dawa ikiisha. Sindano za antibiotiki kama gentamisini au streptomaisini zina hatari zaidi kwa sababu uharibifu wake hubaki, ila nazo mara nyingi huharibu pande zote mbili. Kelele ya karakana vilevile. Kwa hiyo hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachoeleza vizuri sikio moja kuachwa nyuma namna hii, na hapo ndipo ninapokwambia msikae nyumbani. Inaweza kuwa nta iliyoziba, ambayo daktari anaitoa siku hiyo hiyo. Inaweza kuwa kiwambo cha sikio kimetoboka, au vile vifupa vitatu vidogo nyuma yake vimekaza na havitikisiki sawasawa. Inaweza kuwa sikio la ndani. Na mara chache huwa ni uvimbe unaoota taratibu kwenye mshipa wa usikivu. Si saratani, lakini ukiachwa miaka unakuwa na madhara makubwa, na dalili yake ya mwanzo mara nyingi ni hiyo hiyo ya sikio moja kupungua na mlio.

Kuna kijaribio mnachoweza kufanya jioni hii. Mwambie afumbe mdomo na kuvuma "mmmm" kwa sauti nzito, halafu akwambie mvumo anausikia zaidi sikio gani. Ukijivumia mwenyewe huku umeziba sikio moja kwa kidole utaona mvumo unahamia kwenye lile lililozibwa. Vivyo hivyo, yeye akiusikia zaidi kulia, kwenye sikio bovu, kuna uwezekano sauti inazuiwa njiani, na tatizo la njiani mara nyingi lina dawa au upasuaji. Akiusikia zaidi kushoto, tatizo huenda liko ndani au kwenye mshipa. Hospitalini watafanya hivi kwa uma wa sauti. Hicho cha nyumbani ni cha kukupa mwanga tu, hakichukui nafasi ya kipimo.

Mafuta ya kitunguu saumu mrudishie jirani kwa shukrani. Kama kiwambo kimetoboka, chochote unachomimina kinaingia ndani ambako hakitakiwi. Vijiti vya pamba na unyoya wa kuku nazo hapana. Vinasukuma nta ndani zaidi.

Nendeni hospitali ya rufaa ya mkoa, mwulize kliniki ya masikio, pua na koo. Beba orodha ya dawa alizotumia alipolazwa, hasa sindano. Mwombe daktari achungulie masikio yote mawili, kisha apewe kipimo cha usikivu: atavaa vipokea sauti katika chumba tulivu na kuonyesha kila anaposikia mlio, sikio moja baada ya jingine. Tofauti kati ya masikio ikiwa kubwa na nta haipo, mwulizeni daktari wazi wazi kama anahitaji MRI, yaani picha ya ndani ya kichwa inayopigwa kwa mashine ya sumaku, kuangalia mshipa wa usikivu, hata kama itabidi mpewe rufaa kwenda Muhimbili. Na mkiwa mnasubiri tarehe, akipata kizunguzungu kikali, uso ukafa ganzi, au sikio la kushoto likapungua ghafla, msisubiri tena. Nendeni siku hiyo hiyo. Sikio likizima ghafla hutibiwa kwa dawa za steroidi, na zinafaa zaidi zikianzwa siku za mwanzo. Baada ya wiki mbili matumaini hupungua sana.

Namna ya kumwambia itahitaji busara yako. Usianze na neno uziwi, wala usilisemee mbele ya watoto. Mpeni shemeji kazi hiyo, kwa kuwa wanaelewana, na aanze na bodaboda, maana hilo mumeo mwenyewe alilishangaa. Mkikuta sikio la ndani ndilo limeharibika, kuna shimesikio, yaani kifaa kidogo cha kuvaa sikioni kinachokuza sauti, na kama la kulia haliwezi kusaidiwa kabisa kuna aina inayonasa sauti upande huo na kuipeleka kwenye sikio zima. Hiyo itamsaidia kusikia mtu aliyekaa kuliani kwake, ingawa haitamrudishia uwezo wa kujua upande. Ila ubongo ni mwanafunzi mzuri. Mwaka 1998 watafiti wa Uholanzi waliwaziba watu mikunjo ya sikio la nje kwa vipande maalumu. Mwanzoni hawakujua kabisa sauti iko juu au chini, na baada ya wiki kadhaa wakiwa navyo wakawa wamejifunza upya. Baadhi ya wenye sikio moja nao hujifunza kugeuza kichwa na kukisia vizuri, wakipewa muda na wasipochekwa.

Wakati huo huo, nyumbani mwite kwa jina kwanza, ungoje akutazame, ndipo useme. Sema taratibu bila kupaza, ukiwa kushotoni kwake au mbele yake, maana macho yake yanasoma midomo yako hata kama hajui. Usimwite kutoka chumba kingine. Barabarani tembea wewe kuliani kwake, naye atazame pande zote mbili kwa macho kila mara, asiliamini sikio. Karakanani azime mashine mteja anapozungumza, na kila namba iandikwe kwa penseli kwenye kipande cha ubao mteja akiwa anaona. Huyo wa viti tisa mfuateni, mwelezeni, mmalizie vile vitatu. Mashine inapowashwa avae vizibo vya masikio au vikinga vya kufunika sikio zima. Pamba wanayojitia mafundi wengi haizuii kitu cha maana. Sikio la kushoto sasa ndilo alilonalo.

Majibu ya kipimo yakitoka niandikie, na uninakilie namba za masikio yote mawili. Nakuombea yawe ya nta.

Shangazi